Alipotaja Porto Amélia, walidhani ni jina la jini

Kwenye ramani ya leo hakuna mji unaoitwa Porto Amélia. Upo mji wa Pemba, makao makuu ya jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, uliojengwa kwenye rasi inayoingia baharini mdomoni mwa ghuba kubwa. Lakini ukimtajia mtu wa Tanga neno Pemba, hatafikiria Msumbiji hata kidogo. Atanyoosha kidole ng'ambo ya maji, kilipo kisiwa cha karafuu.

Kwa watu wengi hilo ni jambo la jiografia tu, la kujibia mtihani na kulisahau. Kwa familia moja ya Ngamiani, jijini Tanga, kutojua kwamba Pemba ziko mbili, na kwamba moja yao iliwahi kuitwa jina la malkia wa Ureno, kulimfanya mzee wao aonekane amerukwa na akili zaidi ya alivyokuwa. Nusura kumfikishe kwa mganga badala ya kwa daktari.

Bibi huyo anakadiriwa kuwa na miaka 80. Mtaa mzima unamfahamu kwa jina la Bi Mpemba. Kwa zaidi ya miaka 30 alikaanga vitumbua alfajiri, akasomesha watoto watano kwa kikaango hicho, na baada ya mumewe kufariki hakuolewa tena. Watoto na wajukuu wamekua wakijua kwamba asili yao kwa upande wa mama ni kisiwani. Mmoja wao hata alipooa Wete, alijisifu kwamba amerudi nyumbani.

Amelia ni nani?

Dalili zilianza polepole. Kwanza alisahau sufuria jikoni. Kisha akawa anauliza swali lile lile mara nne kabla chai haijapoa. Akaanza kuwachanganya wajukuu, wa leo akimwita kwa jina la shangazi yake. Watoto walisema ni uzee, na wakaliacha hapo.

Baadaye yakaja ya jioni. Jua likianza kuzama, Bibi anajifunga kanga, anachukua mkoba wake mdogo na kusimama mlangoni. Ukimuuliza anakwenda wapi, anajibu, "Mwani." Ukimwambia kwamba hapa hakuna shamba la mwani, anakasirika. Siku moja walimkuta mbali, karibu na bahari, hana ndara, anauliza watu chombo cha Porto Amélia kinaondoka saa ngapi.

Walipompeleka kituo cha afya, muuguzi alimuuliza maswali ya kawaida anayoulizwa mgonjwa wa aina hiyo. Leo ni siku gani? Hakujua. Mwaka gani? Akacheka, akasema mwaka ni wa Mungu. Hapa ulipo ni mji gani? Akajibu bila kusita: "Porto Amélia." Kwenye karatasi yake ikaandikwa kwamba hatambui mahali alipo na anataja mambo yasiyokuwapo.

Nyumbani karatasi hiyo ilizua mjadala. Shangazi mmoja alikuwa na jibu tayari. Amelia, alisema, ni jina la kike la Kizungu, na majini ya Kizungu yapo, wazee wa pwani wanayajua. Jini hilo linamwita Bibi kila magharibi limpeleke baharini. Akataja mganga, akataja na bei: mbuzi mmoja, kitambaa cheupe na usiku wa ngoma. Mtoto wa kwanza wa Bibi, mwanamume wa makamo mwenye karakana ya pikipiki, alikuwa ameshaanza kutafuta fedha hizo.

Aliyewasimamisha ni mjukuu wa kike, fundi cherehani, anayelala chumba kimoja na Bibi. Yeye ndiye aliyekuwa akiamka naye usiku. Hoja yake haikuwa ya kisomi. Alisema jini halitaji saa za chombo kuondoka. "Shangazi, Bibi haogopi anapolitaja jina hilo," alisema. "Anafurahi."

Malkia na bandari

Jibu lilipatikana barazani, kwa mzee mmoja aliyekuwa baharia wa majahazi enzi za ujana wake. Mjukuu alimwamkia, akapokea marahaba yake, akamuuliza kama aliwahi kusikia mahali panapoitwa Porto Amélia. Mzee alishangaa kwamba kuna binti wa leo anayelijua jina hilo. "Hiyo ni Pemba ya Msumbiji," akasema. "Ya Wareno."

Historia ya jina hilo ni fupi na ina vituko vyake. Karne nyingi kabla ya mji wa Wareno kujengwa, pwani ile ilikuwa ya Waislamu wavuvi na wafanyabiashara wanaoitwa Wamwani, wanaokaa kuanzia ghuba hiyo hadi visiwa vya Quirimba na kupanda kaskazini. Lugha yao, Kimwani, ni jirani wa karibu wa Kiswahili kiasi kwamba mtu wa Tanga akiketi nao siku chache huanza kuokota maneno. Makao makuu ya Wareno katika eneo hilo yalikuwa kisiwani Ibo. Katikati ya karne ya 19 walijaribu kuanzisha makazi kwenye Ghuba ya Pemba, lakini hayakudumu.

Mwaka 1891 Ureno ilikabidhi sehemu kubwa ya kaskazini mwa Msumbiji kwa Kampuni ya Niassa, kampuni ya watu binafsi iliyopewa mamlaka ya kutawala, kukusanya kodi na kutumikisha watu. Kampuni hiyo ndiyo iliyoanzisha mji kwenye ghuba mwaka 1904, ikauita Porto Amélia, yaani Bandari ya Amélia, kwa heshima ya malkia wa Ureno wa wakati ule. Kodi ya kibanda na kazi za shuruti za kampuni hiyo ziliwafanya watu wengi kuvuka Mto Ruvuma kuingia Tanganyika. Ilidumu hadi mwaka 1929.

Malkia mwenyewe alikuwa binti wa ukoo wa kifalme wa Ufaransa, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1865. Katika historia ya tiba, Ureno inamkumbuka kwa jambo jema: mwaka 1899 alianzisha taasisi ya kitaifa ya kuwasaidia wagonjwa wa kifua kikuu. Februari 1908 mumewe, Mfalme Carlos, na mtoto wao wa kwanza waliuawa kwa risasi mjini Lisbon. Miaka miwili baadaye ufalme ukaangushwa na Amélia akaenda uhamishoni. Kwao alifukuzwa, lakini jina lake lilibaki kwenye ghuba ya Afrika kwa miaka 65 zaidi.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliitumia bandari hiyo kama kituo cha majeshi walipokuwa wakimsaka jenerali Mjerumani Lettow-Vorbeck ndani ya Msumbiji. Huyo ni yule yule aliyewashinda Tanga mwaka 1914.

Mwisho wa jina ulikuja na uhuru. Frelimo, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilianza vita vya ukombozi Septemba 25, 1964, katika jimbo hilo hilo la Cabo Delgado. Msumbiji ilipopata uhuru Juni 25, 1975, majina ya Wareno yaliondolewa mmoja baada ya mwingine. Vila Cabral ikawa Lichinga. João Belo ikawa Xai-Xai. Mwaka 1976 Lourenço Marques, mji mkuu, ikawa Maputo. Na Porto Amélia ikaitwa kwa jina ambalo ghuba yake ilikuwa nalo siku zote: Pemba.

Kwa nini hakusema?

Bibi aliondoka huko kabla ya mabadiliko hayo. Kwa hesabu waliyoipanga wanawe sasa, alipanda chombo na mumewe mwaka 1965 au karibu na hapo, vita vikiwa vimeanza, wakashukia Mtwara, kisha wakapanda hadi Tanga kumfuata ndugu wa mume aliyekuwa akikata mkonge. Mume akapata kibarua bandarini.

Alipofika, majirani walimuuliza ametoka wapi. Akasema Pemba, na hakudanganya. Walioelewa kisiwa, walielewa wenyewe. Yeye hakuwasahihisha.

Sababu si ngumu kuikisia kwa anayeijua Tanga ya mkonge. Watu kutoka Msumbiji waliletwa kwa maelfu kwenye mashamba, na huku mjini waliitwa Wamawia, neno lililotamkwa kwa dharau na woga. Watoto walitishiwa kwalo wasitoke usiku. Mwanamke kijana mwenye biashara ya kuuza chakula asingefika mbali kama wateja wangemhesabu humo. Kuitwa Mpemba kulimpa usalama: Mwislamu, mtu wa pwani, mtu wa karibu. Akalivaa jina hilo hadi likamkaa, na watoto wakalirithi pamoja na nyumba.

Kwa hiyo ugonjwa ulipoanza kumvua kumbukumbu, ulianza na zile za juu. Ndivyo unavyofanya. Katika maradhi ya kupoteza kumbukumbu, ambayo wataalamu huyaita dimensia, mambo ya jana na ya wiki iliyopita ndiyo hutoweka kwanza, na ya utotoni hubaki muda mrefu zaidi. Mtu aliyejifunza lugha ya pili ukubwani anaweza kurudi kwenye ile ya kwanza. Bi Mpemba wa Ngamiani alikuwa anafutika, na binti wa Porto Amélia alikuwa anabaki.

Ndipo na lile neno lake la jioni likaeleweka. Tanga, mwani ni ule unaolimwa kwenye kamba baharini na kuuzwa. Kwa Kimwani, mwani ni pwani. Bibi hakuwa akizungumzia shamba lolote. Alikuwa anasema anakwenda pwani, kwa neno alilofundishwa na mama yake.

Daktari alichosema

Familia ilimrudisha Bibi hospitali, safari hii wakiwa na maelezo. Daktari alifanya kwanza kile ambacho kila mzee anayechanganyikiwa anastahili kufanyiwa: kupima sukari, shinikizo la damu, malaria, mkojo, wingi wa damu, na kuangalia dawa zote anazotumia. Maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, sukari kushuka au dawa zisizopatana vinaweza kumfanya mzee aongee yasiyoeleweka ndani ya siku moja au mbili, na hayo hutibika. Mabadiliko ya ghafla ni dharura. Mabadiliko ya miezi na miaka, kama ya Bibi, huelekeza kwenye dimensia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi na hali hiyo, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Si uzee wa kawaida, ingawa uzee huongeza uwezekano wake. Si laana, na halina uhusiano na jini la taifa lolote. Hakuna dawa inayoiponya, lakini zipo njia za kumfanya mgonjwa aishi kwa utulivu na anayemuuguza asivunjike.

Mojawapo, daktari aliwaeleza, ni kuyajua maisha ya mgonjwa. Maswali ya kupima kumbukumbu yanamhukumu vibaya mtu ambaye hakusoma, au ambaye hutumia lugha na majina ambayo muulizaji hayajui. Bibi kusema yuko Porto Amélia lilikuwa kosa la mahali, hilo halina ubishi. Lakini halikuwa jina la kubuni. Ni tofauti kubwa kwa anayepanga namna ya kumhudumia.

Mjukuu akaacha kubishana naye. Bibi akisimama mlangoni jioni, hamwambii tena kwamba huko hakuna kitu. Humuuliza, "Pwani ya Porto Amélia, Bibi, huwa mnakula samaki gani?" Bibi huketi ili ajibu vizuri. Siku nyingine huenda naye kweli hadi baharini, wakarudi kabla ya giza. Taa ya chumbani sasa huwashwa mapema, maana giza la magharibi humwongezea mashaka, na mlango una komeo la juu.

Kusema au kutosema

Kwa kuulizwa kwa majina yaliyo sahihi, Bibi alitoa jina ambalo mtoto wake yeyote hakuwahi kulisikia: la dada yake mdogo, waliyeachana akiwa msichana. Chombo alichokuwa anakitafuta jioni kilikuwa cha kumfuata huyo.

Mwanawe wa karakana hakulala. Kupitia yule baharia mzee alifika kwa wafanyabiashara wanaosafiri kati ya Mtwara na Cabo Delgado. Kutafuta mtu Pemba ya leo si kazi nyepesi. Tangu Oktoba 2017, mashambulizi ya watu wenye silaha kaskazini mwa jimbo yamefukuza mamia ya maelfu ya watu makwao. Mwaka 2020 mashua zilizojaa wakimbizi zilikuwa zikishusha watu kwenye ufukwe wa Paquitequete, mtaa mkongwe wa Waislamu wa mji huo, na nyumba za wenyeji zikajaa jamaa na wasio jamaa. Kabla ya hapo, Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilikuwa kimelipiga jimbo hilo.

Baada ya miezi, ukaja ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Mwanamke alizungumza kwa Kimwani, taratibu, kama anayejua kwamba huku wataelewa nusu. Alikuwa binti wa yule dada. Nyumba yao ilikuwa na watu wengi waliokimbia vita. Mama yake alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita. Alikufa, alisema, akiamini kwamba dada yake alizama baharini.

Familia ikagawanyika upya, na mara hii hapakuwa na mganga wa kulaumu. Mwana alisema mama ana haki ya kujua, na kumficha maiti ya ndugu yake ni dhambi. Mjukuu alisema hajui. Wakamwambia. Bibi alilia kama msiba umetokea siku hiyo, akafunika kichwa, akaomba wamsomee. Wakamsomea dua.

Kesho yake asubuhi, kabla ya chai, aliuliza kama dada yake ameshafika.

Mwana akamwambia tena. Bibi akalia tena, vile vile, kwa mara ya kwanza. Siku ya tatu, alipouliza, mwanamume yule alitoka nje akaenda kusimama kando ya pikipiki za wateja bila kugusa spana.

Wanaohudumia wagonjwa wa aina hii wanalijua jambo hilo. Habari ya msiba haihifadhiwi, lakini maumivu yake huja kamili kila inapotajwa. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba mgonjwa aambiwe ukweli mara moja kwa upole, apewe nafasi ya kuomboleza, na asirudishiwe msiba kila anapouliza. Si lazima kumdanganya kwamba marehemu yuko njiani. Inatosha kumfuata kule alikoelekea: anamkumbuka, basi azungumze juu yake.

Mjukuu aliandika karatasi, akaitoa nakala mbili. Moja imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Nyingine huenda na Bibi kila kliniki, pamoja na kadi yake, ili muuguzi yeyote aisome kabla ya kuuliza maswali. Inasema kwamba Porto Amélia ni Pemba ya Msumbiji, mji aliozaliwa. Kwamba mwani ni pwani. Kwamba akifunga kanga jioni, anataka kutembea, asishikwe kwa nguvu. Kwamba Bi Mpemba ni jina lake la Tanga, na analiitikia kwa furaha.

Mstari wa mwisho una mwandiko tofauti, wa kalamu ya karakana yenye alama ya oili. Aliuongeza mwanawe: "Akimuulizia dada yake, mwombe akusimulie walivyokuwa wakicheza."